Maana ya Nguvu za Farasi

Husemwa kwamba pikipiki fulani ina nguvu za farasi kumi. Huku Mpuguso pikipiki hupita kila siku, lakini farasi avutaye mzigo ni nadra kuonekana. Basi yafaa tujifunze maana ya neno hili.

Kipimo hiki ni cha kale kuliko pikipiki. Katika karne ya 18 huko Uingereza, mitambo mingi ilizungushwa na farasi. James Watt, fundi Mskoti, alipouza mitambo yake ya mvuke, ilimpasa kuwaonyesha wanunuzi kwamba mmoja wafanya kazi ya farasi wangapi. Akakadiria kwamba farasi aweza kuinua ratili 33,000 kwa futi moja katika dakika moja. Baadaye Wajerumani na wengine waliweka kipimo kinachokaribiana nacho: kuinua kilo 75 kwa mita moja katika sekunde moja. Angalieni, hapa hapapimwi uzito peke yake, bali na wakati pia. Hata mtoto aweza kupandisha gunia zima mlimani, akibeba kidogo kidogo kutwa.

Mwaka 1885 Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, huko Ujerumani, waliunda pikipiki ya mti yenye nguvu za nusu farasi tu. Mtu wa kilo 60 apandaye ngazi ya mita 5 kwa sekunde 8 hutumia nguvu kama hizo.

Sasa tuhesabu kwa milima yetu ya Rungwe. Pikipiki, dereva, abiria mmoja na mzigo, jumla tuseme kilo 300. Kilima kikiinuka mita 1 kwa kila mita 10 za njia, na mwendo ukiwa kilomita 36 kwa saa, uzito huo huinuliwa mita moja kila sekunde. Gawanya 300 kwa 75: ni farasi 4, mbali na nguvu zipoteazo kwa upepo na msuguano. Akiongezwa abiria wa kilo 75, yatakiwa farasi wa tano.

Tena, kila kilima kina mteremko wake. Uzito ule ukishuka kwa mwendo uleule, farasi wale watano husukuma kutoka nyuma, na breki ndizo ziwazuiazo, hata njia ikiwa na utelezi wa mvua. Kwa hiyo apakiaye mtu wa tatu asiulize tu, "Je, itapanda?" Na aulize pia, "Je, itasimama?"