Sinema Imekwisha, Sasa Tuseme Nini?



Tuanze na jambo linalotokea katika nyumba nyingi Jumamosi usiku. Watoto wamelala, vyombo vimeoshwa, na mume na mke wamekaa kutazama sinema mpaka mwisho. Mama anauliza, "Sasa wewe umeionaje?" Baba anajibu, "Si mbaya," kisha anainuka kwenda kuangalia kama mlango wa nje umefungwa. Mama anazima runinga. Basi.

Jumatatu baba yule yule yuko kazini, saa ya chai, na anawasimulia wenzake sinema ile kwa dakika kumi nzima. Anawaambia alicheka wapi, ni nani aliyemuudhi, na kwa nini yeye, kama angekuwa yule mzee, asingemsamehe mwanawe. Mama naye ameshazungumza na jirani penye kamba ya kuanikia nguo, na amesema mengi kuliko hayo. Wafanyakazi wamesikia maoni ya baba, jirani amesikia ya mama. Walionyimana ni wao wawili.

Mara nyingi tunawahimiza wanandoa wazungumze, nao hutujibu: tuzungumze nini? Wakianza na pesa, ni ugomvi. Wakianza na mashemeji, ni ugomvi mkubwa zaidi. Wakianza na unyumba, mmoja anaona haya na mwingine anajifanya amelala. Kwa hiyo wanabaki na karo ya shule, bei ya unga na nani atampeleka mtoto kliniki. Mambo hayo ni ya lazima, lakini watu wawili wanaweza kuyazungumza miaka 20 bila hata mmoja kujua mwenzake anaogopa nini.

Maoni juu ya sinema ni jambo dogo, na udogo wake ndio faida yake. Hakuna anayeogopa kulianza.

Sinema tano na maswali

Mwezi wa Desemba 2013, wataalamu wa Marekani wakiongozwa na Ronald Rogge wa Chuo Kikuu cha Rochester walitangaza uchunguzi waliofanyia jozi 174 za wachumba na watu waliooana karibuni. Baadhi yao walipewa mafunzo ya namna ya kusikilizana na kumaliza ugomvi, wakisaidiwa na wakufunzi. Kundi jingine lilipewa kazi nyepesi: watazame sinema tano zenye habari za mume na mke katika muda wa mwezi mmoja, na baada ya kila moja wakae peke yao kama dakika 45 wakijibu maswali juu ya ndoa waliyoiona na kuilinganisha na yao. Sinema ya kwanza ilikuwa Two for the Road ya mwaka 1967, ambamo Audrey Hepburn na Albert Finney ni mke na mume wanaosafiri Ufaransa huku wakikumbuka miaka yao ya ndoa, mitamu na michungu.

Baada ya miaka mitatu, katika wale ambao hawakupewa chochote, asilimia 24 walikuwa wameachana. Katika makundi yaliyosaidiwa ilikuwa asilimia 11 hivi, na wale wa sinema hawakuwa nyuma ya wale waliokaa na wakufunzi.

Uchunguzi mmoja si Injili, na Wamarekani wana ndoa zao nasi tuna zetu. Tena tusije tukadhani kwamba sinema ndiyo dawa. Kama ingekuwa dawa, nyumba zenye runinga mbili zingekuwa na amani maradufu. Kilichowasaidia watu wale ni zile dakika 45 za kuzungumza.

Kwa nini sinema ilirahisisha? Kwa sababu mume wa kwenye sinema hana ndugu sebuleni. Unaweza kusema ni mkali, ni mchoyo, hajui kuomba msamaha, na hakuna atakayekasirika. Ukishamhukumu yeye, umekwisha kutoa moyo wako nje bila kujua. Nabii Nathani alimjua Mfalme Daudi vizuri. Hakuanza na Uria; alianza na hadithi ya tajiri na kondoo wa maskini, akamwacha Daudi atoe maoni yake.

Hayati Papa Fransisko, katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aligusa jambo ambalo wengi hulipita haraka. Katika namba 141 anasema kwamba ili watu wazungumze vema ni lazima wawe na kitu cha kusema, na kwamba utajiri huo wa ndani hutokana na kusoma, kutafakari, kusali na kuufungulia moyo ulimwengu unaotuzunguka. Bila hayo mazungumzo ya nyumbani huwa ya kuchosha. Naamini sinema nzuri iliyotazamwa na wawili ina nafasi yake hapo.

Chakula kilicholiwa kimya

Papa huyo huyo alitaja sinema katika wosia ule. Ni namba 129, na sinema ni Babette's Feast, iliyotengenezwa Denmark mwaka 1987 na Gabriel Axel. Miaka minane baadaye, mwaka 1995, Vatikano iliadhimisha miaka 100 ya sinema kwa kutoa orodha ya sinema 45 bora, na hii ilikuwamo.

Habari yake ni hii. Babette ni mwanamke Mfaransa aliyekimbia vita vya Paris mwaka 1871. Anapokewa na dada wawili wazee, mabinti wa mchungaji, katika kijiji maskini cha pwani, naye anawapikia kwa miaka 14. Siku moja anashinda bahati nasibu ya faranga 10,000. Badala ya kurudi kwao, anaomba ruhusa ya kuwaandalia karamu. Wanakijiji wanaogopa vyakula hivi vya kigeni visije vikawatia dhambini, basi wanapatana kwamba watakula lakini hawatasema neno lolote juu ya chakula. Wanakula vitu vya ajabu, na kila anachosifu jemadari mmoja mgeni ambaye hajui mapatano yao, wao wanajibu kwa habari nyingine. Lakini mioyo yao inalainika, na watu waliokuwa na ugomvi wa miaka mingi wanasameheana mezani. Mwishoni dada wale wanagundua kwamba Babette ametumia zile faranga zote kwa karamu ile moja.

Sasa sikilizeni mume na mke wakitoa maoni yao.

"Yule mama hana akili," baba anasema. "Pesa zote zile kwa chakula cha siku moja! Angenunua hata nyumba."

"Mimi sikuona pesa," mama anajibu. "Niliona watu wanakula na hakuna anayesema asante."

Msomaji, usiharakishe hapa. Baba amesema kweli yake: yeye ndiye anayelala akihesabu pesa, na mtu anayezimaliza zote siku moja anamtisha. Pengine alipokuwa mdogo alimwona baba yake akizimaliza. Mama naye amesema kweli yake. Amepika miaka 15, sahani zinarudi jikoni tupu, na hakumbuki ni lini alisikia neno juu ya chakula isipokuwa siku chumvi ilipozidi. Wote wawili wamejifunua kwa sentensi mbili. Baba akisema, "Ah, nyinyi wanawake mnapenda kusifiwa," mlango umefungwa. Akiuliza, "Kwani hapa nyumbani pia ni hivyo?" usiku ule watalala wamechelewa, na haitakuwa hasara.

Papa Fransisko aliikumbuka sehemu ya mwisho ya sinema hiyo, ambapo mpishi anakumbatiwa na kusifiwa. Aliiweka katika habari ya furaha ya kumfurahisha mwenzako.

Neria na hati ya shamba

Kuna sinema nyingine inayotuhusu kwa karibu zaidi. Neria ilitengenezwa Zimbabwe mwanzoni mwa miaka ya 1990 kutokana na hadithi ya Tsitsi Dangarembga. Neria na mumewe Patrick wamejijengea maisha mjini Harare kwa jasho la wote wawili. Patrick anakufa katika ajali. Kaka yake, Phineas, anakuja na maneno ya mila mdomoni, na kidogo kidogo anachukua gari, pesa, vyombo, nyumba, hata watoto. Mwishowe Neria anakwenda mahakamani.

Kila mtu anayeitazama humchukia Phineas, na maoni ya kwanza huwa rahisi: "Yule ni mwizi." Lakini tuseme mke anaongeza swali.

"Ni mwizi, ndiyo. Na Patrick je?"

"Patrick amekosa nini? Si ameshakufa?"

"Aliishi na ndugu yake miaka yote. Hakumjua? Alimwachia mkewe kitu gani cha kujikinga?"

Baba ananyamaza. Anajua hati ya shamba lao la nyumbani ingali na jina la babu, na kwamba mdogo wake ndiye anayelilima. Mama amelijua hilo tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, wala hajawahi kuuliza, kwa sababu mke anayeuliza habari za mali ya mumewe huambiwa anamtakia kifo. Patrick amemfungulia njia ya kuuliza.

Ndugu zangu, mazungumzo haya yasiishie kwenye sinema. Hapa Kenya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inamtambua mjane na watoto, na mtu anayejitwalia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria anatenda kosa. Lakini sheria humkuta mjane akiwa amechoka na ana vazi la matanga. Ni afadhali mume aliye hai amwonyeshe mkewe makaratasi yako wapi, aandike wosia, na awaambie ndugu zake mbele ya mkewe. Kama usiku wa Neria utazaa safari moja ya kwenda ofisi ya ardhi, nitaihesabu sinema hiyo kuwa na faida kuliko semina kadhaa.

Maoni yasiwe fimbo

Kuna namna ya kutoa maoni inayobomoa. Ya kwanza ni kumtumia mtu wa kwenye sinema kumchapa mwenzako. "Umemwona yule mume anavyomfungulia mkewe mlango wa gari? Wewe hata matatu unapanda kwanza." Labda ni kweli, lakini aliyechapwa hatatazama sinema nawe tena, atakwenda kutazama mpira. Tena yule mume wa sinema analipwa kufungua mlango, na anaufungua mara moja tu kwa siku ile ya kupiga picha.

Ya pili ni kucheka machozi. Supa Modo, sinema ya Mkenya Likarion Wainaina ya mwaka 2018, inamhusu Jo, msichana wa miaka tisa aliye mgonjwa wa kufa, anayetamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Mama yake anataka akae nyumbani apumzike. Dada yake anataka afurahie siku zilizobaki, na mwishowe kijiji kizima kinamsaidia kutengeneza sinema yake. Ikiwa mmewahi kumzika mtoto, mmoja wenu huenda akalia kwa sinema hiyo, na huenda akawa baba. Mama, usimwambie, "Kumbe wewe pia hulia?" Kuna wanaume ambao hawajalitaja jina la mtoto yule tangu siku ya mazishi. Zima runinga, kaa karibu naye, umngoje.

Ya tatu ni kudharau anachopenda mwenzako. Mimi mwenyewe sinema za ngumi na risasi hunichosha, lakini wanaume wengi huzipenda, hasa zikitafsiriwa kwa vichekesho vya DJ Afro. Mke akiuliza kwa upole, "Unampendea nini yule?" huenda akasikia, "Hakuna anayemwamrisha." Hapo ndipo atakapojua mumewe anavyotendewa na mkubwa wake kazini.

Na zile zinazotia aibu? Kanisa halikuanza leo kusema habari hiyo. Papa Pio XI aliandika barua Vigilanti Cura juu ya sinema tarehe 29 Juni 1936. Kwa watoto, fuateni alama za umri za bodi ya serikali inayoainisha filamu. Kwa nyinyi wawili, mmoja akisema, "Hii izimwe," izimwe bila kubishana. Wapo wanaoleta sinema chafu nyumbani wakidai zitafundisha unyumba. Mke anayetazamishwa kwa nguvu hajifunzi kitu ila kuonewa.

Basi Jumamosi hii chagueni moja pamoja, isiwe ya mmoja kuvumilia. Ikiisha, msianze na "nzuri" au "mbaya". Kila mmoja aseme ni nani aliyemhurumia na ni nani aliyemkasirikia, na mwenzake asikatize. Ulizaneni: wale wawili walipokosana, nani alianza kurudi, na kwetu nani huanza? Ni neno gani lililohitajika kusemwa na halikusemwa? Wenye watoto wadogo wanaoamka usiku wasingoje mwisho wa sinema. Waizime katikati, wazungumze juu ya walichokiona, na nusu iliyobaki wataikuta wiki ijayo.