Simu ya Msafiri: Gharama Hupangwa Nyumbani



Somo letu la leo linagusa nyumba nyingi. Tuchukue mfano. Binti amepata kazi ya nyumbani Saudi Arabia. Tikiti iko tayari, mkoba umefungwa, majirani wamekuja kumuaga. Mama anamwambia, "Mwanangu, ukifika unipigie." Binti anajibu, "Sawa, mama." Mapatano yao ya simu yameishia hapo.

Binti anatua Riyadh na kuwasha simu. Ana kredo ya shilingi 500. Shangazi anapiga kumpa pole ya safari, naye anapokea. Wakati huo huo simu inavuta picha na video zote za kikundi cha WhatsApp cha ukoo. Kabla hajatoka uwanja wa ndege, kredo imekwisha. Mama akipiga hampati. Siku ya kwanza kimya, siku ya pili kimya, ya tatu pia. Mama hali, halali. Je, mtoto ameishiwa na kredo tu, ama amepatwa na jambo? Hana njia ya kujua, maana kimya cha kukosa kredo na kimya cha hatari husikika sawa.

Kwa hivyo kupunguza gharama ya simu si ubahili. Ni kulinda njia ambayo mtu wako atakuitia siku akihitaji msaada.

KWA NINI PESA HUISHA HARAKA?

Laini yako ni ya kampuni ya Kenya. Ukiwa nchi nyingine, simu huazima mnara wa kampuni ya huko. Hiyo huitwa "roaming". Kampuni ya huko huidai kampuni yako, nayo hukudai wewe. Hata kupokea simu mara nyingi hulipiwa, kwa sababu sauti inasafirishwa kutoka Kenya hadi uliko, na sehemu hiyo ya safari ni juu yako. Ndiyo maana mama hakumpata binti: kredo ilipokwisha, hata kupokea hakuweza.

Bando ulilonunua Kenya pia kwa kawaida halifanyi kazi nje. Simu ikitumia data huko bila bando la huko, hukatwa kwenye kredo kwa bei ya juu.

KABLA YA KUONDOKA

1. Uliza kampuni ya laini yako maswali manne: Nchi ninayokwenda, kupiga ni pesa ngapi kwa dakika? Kupokea ni ngapi? Kupokea ujumbe mfupi kunalipiwa? Je, kuna bando la msafiri? Andika majibu kwenye karatasi.

2. Fungua mipangilio ya simu na uzime "data roaming". Katika WhatsApp, zima kujivutia picha na video.

3. Piga ##002# ukiwa bado Kenya. Hiyo hufuta maagizo ya kuhamisha simu usizopokea. Usipofanya hivyo, simu inaweza kukufuata mpaka ng'ambo, ikarudishwa Kenya kwenye kisanduku cha sauti, nawe ukalipia safari zote mbili.

4. Kama simu yako ni ya mkopo, ile ya kulipa kidogo kidogo, maliza deni kwanza. Simu kama hiyo hujifunga malipo yakikosa, na ukiwa mbali utabaki na kipande cha plastiki. Hakikisha pia kwamba inakubali laini ya kampuni nyingine.

5. Kariri namba mbili za nyumbani kichwani. Uziandike pia kwenye karatasi, pamoja na namba ya ubalozi wa Kenya ulioko Riyadh. Simu inaweza kupotea ama kuchukuliwa. Ukiwa nje, namba ya Kenya huanza na +254 na ile sifuri ya mbele huondoka. Yaani 07 inakuwa +2547, na 01 inakuwa +2541. Wengi hukwama hapo wakidhani mtandao ni mbovu.

UKISHAFIKA

Tumia laini mbili, kila moja na kazi yake. Laini ya Kenya ni ya kupokea ujumbe tu, kwa mfano namba za siri za benki. Laini ya huko ni ya mazungumzo na data. Saudi Arabia laini husajiliwa kwa pasipoti au kitambulisho cha ukaazi, pamoja na alama za vidole. Usikubali kuuziwa barabarani laini yenye jina la mtu mwingine. Mwenyewe akifanya kosa, wewe ndiye utakayetafutwa. Na ikifungwa, huwezi kuidai.

Laini ya Kenya nayo usiisahau. Laini isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kufungwa na namba ikapewa mtu mwingine. Iwashe mara kwa mara na uitumie kidogo. Wala usimwachie mtu laini yako pamoja na PIN ya M-PESA, hata awe ndugu. Pesa ya kutuma nyumbani unaweza kuipeleka moja kwa moja kwenye M-PESA ya mama kwa kupitia kampuni za kutuma fedha.

Kwa kuzungumza, ujumbe wa sauti wa WhatsApp ni rahisi sana. Hula data kidogo, na mama anaweza kuusikiliza hata usiku wa manane mtandao ukirudi. Video ndiyo hula bando. Iweke kwa siku maalum ama mahali penye Wi-Fi uliyoruhusiwa kutumia.

Ujue pia kwamba nchi hazifanani. Katika Falme za Kiarabu, zikiwemo Dubai na Abu Dhabi, kupiga simu kwa WhatsApp kumezuiwa kwa miaka mingi, ingawa ujumbe wa maandishi na wa sauti hupita. Wengine watakuonyesha programu ya kuficha mahali ulipo ili upite kizuizi. Jihadhari, sheria ya huko ni kali. Uliza ni programu gani za kupigia simu zimeruhusiwa.

MAPATANO YA NYUMBANI

Hili ni jambo la bure, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Kabla ya safari, familia ikae pamoja na kupatana mambo haya:

Siku na saa. Kwa mfano, Jumapili saa mbili usiku. Saa za Riyadh ni sawa na zetu. Dubai wako mbele kwa saa moja.

Nani anapiga. Si lazima ukoo wote upige. Mmoja apokee habari, naye awaambie wengine.

Ishara. Kuflashi mara moja: niko salama. Kuflashi mara tatu mfululizo: nitafute haraka. Asipokee mtu, ili kredo isikatwe.

Neno la siri. Chagueni neno moja la kawaida, labda jina la ng'ombe wa nyumbani. Binti akiuliza, "Yule ng'ombe amepona?" mama anajua mtoto hana uhuru wa kusema.

Mwisho wa kimya. Pataneni kwamba zikipita siku kadhaa, tuseme tano, bila habari, mama asingoje tena. Aende kwa wakala aliyempeleka binti akiwa na nakala ya mkataba na ya pasipoti, na ubalozi upigiwe. Nakala hizo zibaki nyumbani tangu siku ya kwanza.

NA WALE WA MIPAKANI?

Wewe unayekwenda sokoni Uganda kupitia Busia au Malaba, somo hili ni lako pia. Kwa mapatano yaliyoanza mwaka 2014, Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilipunguza bei ya simu kati yao na kuondoa malipo ya kupokea. Lakini data iulizie peke yake. Tena karibu na mpaka, simu inaweza kushika mnara wa ng'ambo hata ukiwa upande wa Kenya. Fungua mipangilio, uchague mwenyewe mtandao wako wa Kenya.

Tahadhari kabla ya hatari. Ule usiku wa kufunga mkoba, kaeni nusu saa na kalamu na karatasi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni nani katika kikundi chetu ana mtu ng'ambo? Mara ya mwisho walizungumza lini?
2. Je, tunajua nakala za mkataba na pasipoti yake ziko wapi?
3. Kila mmoja ajaribu kusema namba mbili za nyumbani bila kutazama simu. Ni wangapi wameweza?