Usingizi Usio na Mwamshaji: Marekebisho ya Miito ya Kulala katika Kiini cha Linux

1.0 Utangulizi

Waswahili husema kuwa aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Katika kiini cha mfumo endeshi wa tarakilishi hali ni kinyume: mchakato uliolala usipoamshwa hubaki pale pale, na pengine huzuia mingine iliyo nyuma yake. Makala haya yanafafanua jinsi mwito mmoja wa kulala, uitwao "sleep_on", ulivyozua hitilafu ya aina hii katika kiini cha Linux, sababu zilizoufanya udumu hadi mwaka wa 2014, na namna msimbo ulioutumia ulivyorekebishwa. Linux, iliyoasisiwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991, si mfano wa mbali, kwani simu za Android zinaendeshwa na kiini hicho hicho.

2.0 Maana ya Kulala

Kiini ni sehemu ya mfumo endeshi inayogawa kumbukumbu, vifaa na muda wa kichakataji miongoni mwa michakato, yaani programu zinazotekelezwa. Mchakato unapohitaji kitu ambacho hakijawa tayari, kwa mfano data kutoka kwenye diski, si busara uendelee kuuliza mara kwa mara, kwa sababu kufanya hivyo hupoteza muda wa kichakataji. Badala yake, hujiandikisha katika foleni ya kungojea, kisha hulala. Diski inapomaliza kazi yake, msimbo unaoishughulikia huiamsha michakato iliyo katika foleni hiyo.

Ikumbukwe kwamba mwamshaji hawatafuti wanaokusudia kulala. Huwaamsha waliokwisha kuandikishwa tu. Aidha, mwito wa kuamsha hauwekwi akiba. Foleni ikiwa tupu, mwito hupotea.

3.0 Ufa Ulipo

Msimbo wa zamani ulikuwa na hatua mbili. Kwanza, uliangalia sharti: je, data imefika? Pili, ikiwa haijafika, uliita "sleep_on", ambao uliuandikisha mchakato katika foleni na kuulaza papo hapo. Kila hatua ni sahihi ikitazamwa peke yake. Hitilafu imo katikati yake.

Chukua mfano wa mgonjwa katika zahanati. Anauliza kama daktari amefika, anaambiwa bado. Anapoelekea mezani kuandikisha jina lake, daktari anaingia na muuguzi anawaita wote walioandikishwa. Jina la mgonjwa huyu halimo. Anafika mezani, anajiandikisha, anaketi na kusinzia, akiamini kuwa ataitwa. Mwito wake umekwisha kupita.

Ndivyo ilivyokuwa katika kiini. Data ikifika baada ya sharti kuangaliwa na kabla ya jina kuingia katika foleni, mchakato hulala huku kile unachokingojea kikiwa tayari. Isitoshe, usingizi wa "sleep_on" haukuweza kukatizwa, hata kwa ishara ya kuuua mchakato. Mwito ndugu, "interruptible_sleep_on", uliruhusu kukatizwa, lakini ufa wake ulikuwa ule ule.

4.0 Sababu za Ufa Kudumu

Sababu ya kwanza ni wembamba wa ufa wenyewe. Muda kati ya hatua hizo mbili ni mfupi mno, hivyo msimbo ungeweza kupita majaribio mengi na kukwama siku mashine imelemewa na kazi.

Sababu ya pili ni ya kihistoria. Linux ya mwanzo iliendesha mashine zenye kichakataji kimoja. Mnamo mwaka wa 1996, toleo la 2.0 lilikubali vichakataji vingi, na usalama ukalindwa kwa kufuli kuu moja ya kiini. Kufuli hiyo ilikuwa na sifa ya pekee: mchakato uliyoishika ulipolala, kufuli iliachiliwa, na hilo lilifanyika baada ya mchakato kujiandikisha. Basi, mlalaji na mwamshaji wote wakiwa wanaitumia, ufa haukuonekana. Usalama ulitoka kwa kufuli, si kwa mwito.

Hata hivyo, kufuli moja kwa kiini kizima ilizichelewesha mashine zenye vichakataji vingi. Iliondolewa hatua kwa hatua, na mabaki yake ya mwisho yakatoka katika toleo la 2.6.39 mwaka wa 2011. Msimbo uliokuwa bado unaita "sleep_on" ukabaki bila kinga. Arnd Bergmann, aliyekuwa miongoni mwa walioiondoa kufuli hiyo, alishughulikia pia miito iliyosalia, nayo ikafutwa kabisa katika toleo la 3.15 mwaka wa 2014.

5.0 Namna ya Kurekebisha

Dawa ni kugeuza mpangilio: kujiandikisha kwanza, kuangalia sharti baadaye, kisha kulala. Hivi ndivyo mwito wa "wait_event" unavyofanya. Mwamshaji akipita baada ya mchakato kujiandikisha, huukuta jina lake na kuurudisha katika hali ya kuwa macho, hata kama haujalala. Unapoamka, mchakato huliangalia sharti upya kabla ya kuendelea.

Mrekebishaji hana budi kuzingatia mambo manne:

(a) Sharti litajwe waziwazi. "sleep_on" ulihitaji foleni pekee. "Wait_event" unahitaji foleni pamoja na sharti.

(b) Mwamshaji abadilishe sharti kwanza, ndipo aamshe. Akianza kuamsha, aliyeamka ataliona sharti la zamani na kulala tena.

(c) Usingizi unaoweza kukatizwa hurudisha jibu. Jibu hilo likipuuzwa, mchakato utaendelea kana kwamba data imefika.

(d) Mchakato usilale ukiwa umeshika kufuli ambayo wanaoingoja huzunguka papo hapo bila kulala. Vichakataji vingine vitazunguka bure.

Baadhi ya waandishi wa programu waliwahi kuuwekea usingizi kikomo cha muda. Njia hiyo hupunguza madhara, lakini haizibi ufa.

6.0 Hitimisho

Majina ya miito hii yana funzo kwa mwanafunzi wa Kiswahili. "sleep_on" waweza kuitwa "lalia", na "wait_event" ukaitwa "ngojea". Vitenzi vyote viwili viko katika kauli ya kutendea, lakini kiambishi hicho hakibebi maana moja. Katika "kulalia foleni" kinaonyesha mahali. Katika "kungojea data" kinaonyesha kusudi. Mwito wa zamani ulijua mahali pa kulala bila kujua kinachongojewa, na kwa hiyo haukuweza kuhakikisha kama kimekwisha kufika. Mwito mpya hulala baada ya kulihakikisha hilo. Anayeunda istilahi za tarakilishi atafaidika akizingatia tofauti hiyo, kwa kuwa ndimo ulimokuwa ule ufa.