Rangi Nyingi Ndani ya Uzi Mmoja

Ukiwa kijijini Ilagala ukamtumia mteja wa Dar es Salaam picha ya madumu yako ya mawese, simu yako inaifikisha mnarani tu, kwa mawimbi ya redio. Kutoka hapo, mara nyingi kwa redio tena, picha husafirishwa hadi kwenye Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009 na unaosimamiwa na shirika la mawasiliano la TTCL. Huko ndiko inakogeuzwa kuwa mwanga.

Uzi wa mkongo ni wa kioo, na njia ya mwanga ndani yake ina upana wa mikromita 9 hivi, yaani sehemu 9 kati ya elfu za milimita. Zamani uzi mmoja ulipitisha rangi moja ya mwanga. Ukijaa, unatafuta uzi mwingine au unachimba mtaro upya, na mtaro ndio unaokula fedha. Siku hizi rangi nyingi hupitishwa pamoja. Tunaziita rangi, ingawa jicho haliioni hata moja: mawimbi yake yana urefu wa karibu nanometa 1550, nje ya wekundu tunaouona. Rangi na jirani yake hutofautiana kwa nanometa 0.8, au hata 0.4, na kila moja ina mzigo wake. Rangi 40 za gigabiti 10 kwa sekunde ni gigabiti 400, uzi ni uleule. Mwisho wa safari kichujio huzitenganisha, kama matone ya mvua yanavyoupasua mwanga wa jua ukaona upinde juu ya ziwa.

Mwanga nao hufifia njiani. Zamani kila rangi ilibidi igeuzwe umeme, kisha iwashwe upya. Mwaka 1987 watafiti wa Southampton, Uingereza, walionyesha kwamba kipande cha uzi kilichotiwa metali iitwayo erbiamu hukuza mwanga bila kuugeuza. Rangi zote hukuzwa kwa mpigo, kila kilomita 80 hivi. Bila erbiamu, kwa maoni yangu, rangi nyingi zingebaki maabara.

Ubaya ni kwamba sururu moja hukata rangi zote. Kabla ya kuchimba msingi au shimo la choo kando ya barabara, tazama kama kuna vinguzo vya alama, umuulize na mtendaji wa kijiji. Ukikuta kebo imekatika, usiivute wala usichungulie ncha yake: mwanga usioonekana unaweza kuunguza jicho bila wewe kusikia maumivu. Anayewinda shaba humo ataambulia kioo na plastiki. Mjulishe mtendaji au ofisi ya TTCL siku hiyohiyo.