Nahodha na Bandari Kumi

Tazama ramani ya Ziwa Victoria. Upande wa kusini utaona Mwanza, na kando ya ziwa utaona bandari nyingine kumi: Nansio, Musoma, Homa Bay, Kendu Bay, Kisumu, Jinja, Port Bell, Entebbe, Bukoba na Kemondo.

Tuseme nahodha mmoja amepakia shehena ya matunda Mwanza. Yampasa kutia nanga katika kila bandari mara moja, kisha arudi. Mafuta ni ghali, na matunda huoza upesi; kwa hiyo ataka kujua njia iliyo fupi kuliko zote. Asema moyoni, "Bandari ni kumi tu. Nitazipima njia zote, moja moja, ndipo nitakapong'oa nanga." Je, shauri hili ni jema?

Haya, na tuhesabu. Bandari ya kwanza aweza kuichagua kwa namna 10. Akiisha kuichagua, zimebaki 9 za kuchagua ya pili. Kisha 8, kisha 7, na kuendelea hivyo mpaka ibaki moja. Basi twazidisha 10 × 9 × 8 × 7 × 6 × 5 × 4 × 3 × 2 × 1. Jawabu ni 3,628,800.

Tuseme apima njia moja kwa kila sekunde, usiku na mchana, pasipo kula wala kulala. Siku moja ina sekunde 86,400. Gawanya 3,628,800 kwa 86,400, utapata siku 42, yaani majuma 6 kamili, wala haibaki hata sekunde moja! Matunda yataoza gatini. Tena ikiongezwa bandari moja tu, njia zitakuwa 39,916,800, nazo zataka majuma 66, kupita mwaka mzima.

Hesabu hii ya 3,628,800 ina maajabu mengine. Igawanye kwa 1, kwa 2, kwa 3, na kuendelea mpaka 10: hutapata baki kamwe, maana hizo zote zimo ndani yake. Tena, zidisha kutoka 1 mpaka 6, utapata 720. Zidisha kutoka 1 mpaka 7, utapata 5,040. Sasa zidisha 720 kwa 5,040, nawe utaona 3,628,800 imerudi tena.

Basi nahodha afanyeje? Afungue ramani. Kutoka Mwanza kwenda Bukoba, kisha kuvuka mpaka Musoma, na kurudi tena Kemondo, ni kupoteza mafuta bure. Njia kama hizo aweza kuzitupa kwa maelfu pasipo kuzipima. Akiuzunguka ufuko kwa taratibu, Nansio kwanza, kisha Musoma, na kuendelea mpaka Bukoba na Kemondo, zitabaki njia chache za kulinganisha, naye ataondoka siku ile ile.

Mwenye kuhesabu pasipo kufikiri huchelewa. Mwenye kufikiri kwanza hupunguza kazi ya kuhesabu.

Maswali
1. Bandari zikiwa 5 tu, njia ni ngapi?
2. Njia ikifuatwa kinyume, urefu wake haubadiliki. Nahodha akikumbuka jambo hili, zitabaki njia ngapi za kupima katika zile 3,628,800? Zitamchukua majuma mangapi?