Dondoo muhimu: Kuvuna mvua Goma kwa pesa kidogo

Goma imekaa juu ya mawe ya volkeno ya Nyiragongo. Lava ya mwaka 2002 ilipita hadi katikati ya mji. Kuchimba kisima ni kazi ngumu, na maji yakimwagika hupenya mara moja. Basi mvua inaswe ikiwa bado juu ya bati.

Piga hesabu kwanza. Paa la mita 4 kwa 5, mvua ikinyesha milimita 10, hutoa karibu lita 200. Hizo ni bidoni 10 za lita 20 ambazo hukuzibeba kutoka ziwani.

Mfereji si lazima ununuliwe. Bati kuukuu lililokunjwa, likafungwa kwa waya na kuinamishwa kidogo kuelekea pipa, latosha. Chagua pipa lililobeba mafuta ya kula, kamwe si kemikali. Huna pipa? Zungushia mawe shimo fupi, ondoa ncha kali, tandika magunia, kisha turubai. Usiruke magunia: mawe yetu hukata.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi cha Juni hadi Agosti imwage. Imeosha vumbi la paa. Moshi wa volkeno nao hutia mvua asidi, kwa hiyo nasisitiza: maji haya ni ya kumwagilia lengalenga na vitunguu bustanini, si ya kunywa. Funika kwa chandarua kilichochakaa kuzuia mbu, na juu yake mbao nzito, hasa penye watoto wadogo.

Mwagilia jioni, shinani, kisha tandaza nyasi kavu.