VPN Inaposhindwa Kuunganika Nyumbani
VPN ni njia ya siri ndani ya intaneti. Intaneti ikikatika, nayo hukatika. Mkazi anayefanyia kazi za ofisi nyumbani aizime kwanza, kisha afungue tovuti yoyote. Isipofunguka, akague bando na ruta. Huenda pia tatizo ni la nchi nzima, kama Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ilipopata hitilafu. Ikifunguka, aangalie tarehe na saa: kompyuta iliyokaa muda mrefu bila umeme huweza kupoteza majira, na VPN ikakataa cheti cha usalama. Mwisho, ahakiki nywila.

Ikumbukwe kuwa Oktoba 2023 TCRA iliwaagiza watumiaji wa VPN kusajili taarifa zao. Kutofanya hivyo kunaweza kuleta adhabu.